Mlango Unataka Rangi

Novemba ofisi ya kamusi ilinikabidhi neno moja,
want, herufi nne, la kawaida kama kijiko.
"Lipange upya," msimamizi akasema, "maana, matumizi, asili,
na usitie chumvi."
Nikavifunga vikaratasi vyangu katika boksi la viatu
nikapanda treni ya kaskazini, bondeni kwa mama,
maana alikuwa ameteleza ngazini akavunjika nyonga,
na jirani alikuwa amenipigia simu mara tatu.

Mama yangu, Thirza Calvert, hakuwahi kutaka kitu.
Vitu ndivyo vilivyotaka.
Birika lataka kujazwa, alisema kabla sijavua koti.
Mlango wataka rangi.
Ukuta wa zizi la juu wataka mawe mawili,
na wewe, nywele zako zataka mkasi.
Nyumba nzima ilikuwa imenyoosha vidole
kama darasa lililonyimwa uji.
Yeye tu, kwenye kiti chake cha magongo,
hakunyoosha.

Usiku nikamsomea nilichokipata.
Kwamba neno hili si mzawa wa Uingereza.
Lilivuka maji ya kijivu na watu wa Skandinavia,
waliokuja na mashoka, halafu wakabaki na kondoo,
na vinywani mwao halikuwa na hamu hata chembe.
Lilikuwa kukosa, basi. Kupungua.
Lina udugu na lile tunalolitumia
mwezi unapoliwa upande mmoja.
Karne baada ya karne aliyelitamka
hakunyoosha mkono, alionyesha tundu.
Tamaa ilikuja juzijuzi, kama mpangaji:
ikaingia tunduni, ikatandika kitanda,
leo inajiita mwenye nyumba.

Mama akakata uzi kwa meno.
"Wanakulipa," akauliza, "kwa hilo?"

Alhamisi akaja kijana wa halmashauri,
Piers Ollerenshaw, viatu vyake vyepesi vimelowa,
na fomu ya kurasa tisa.
Akainama, akapaza sauti kana kwamba nyonga ndiyo sikio:
"Bi Calvert, wewe mwenyewe, unataka nini?"
Mama akafikiri. Nakuapia alifikiri,
nilimwona akizunguka nyumba kwa macho,
dari, dirisha, jiko, pipa la makaa,
akitafuta mahali alipopungua.
"Mfereji wa paa," akasema mwisho, "wataka kuzibuliwa."
Kijana akaandika: Hakuna.

Sikumcheka. Hata mimi niliwahi kulikosea.
Nilikuwa na miaka sita, langoni, mvua ya barafu,
baba akihesabu kondoo kwa ncha ya fimbo
wakipita mmoja mmoja, migongo yao ikitoa mvuke.
"Themanini na saba," akasema. "Mmoja anataka."
"Anataka nini?" nikauliza.
Baba akacheka hadi akashika lango.
Kisha kicheko kikamwishia, akachukua tochi,
akapanda mlima.
Niliuona mwanga wake ukiwa mdogo, mdogo zaidi,
nikawaza kila kitu ambacho kondoo angeweza kutaka:
nyasi, mama yake, biskuti.
Asubuhi bado walikuwa themanini na saba.

Nimeandika kikaratasi mara nne na kukichana.
Maana ya kwanza: kutokuwepo.
Maana ya pili: kuhitaji, hasa kwa vitu, hasa kaskazini.
Maana ya tatu wanaijua wote, hadi watoto wachanga,
nayo ndiyo msimamizi atakayoiweka juu.

Jumapili nilitandika meza mimi.
Sahani mbili, chumvi, mkate, siagi ya jirani.
Mama akazitazama muda mrefu,
akakitazama kile kiti cha upande wa dirisha
ambacho hakuna aliyekikalia tangu Machi ya mwaka juzi.
"Mmoja anataka," akasema.
Safari hii sikuuliza nini.
Niliinuka, nikaenda kujaza birika.